Uzi wa Kuomba

Wifi yangu alikuwa hali chakula. Hakususa, la. Ukimwekea sahani alisema ahsante, akamega tonge, akalishika mkononi mpaka likapoa, kisha akalirudisha taratibu mahali lilipotoka. Alikuwa na mimba ya kaka yangu, na kaka yangu tulikuwa tumemzika. Watoto wao wawili wa kwanza hawakukaa. Kwa hiyo kilichokuwa tumboni mwa mwanamke yule ndicho pekee kilichobaki cha kaka yangu duniani, na mama yangu alilifuata kila tonge kwa macho likirudi sahanini.

Tulikuwa Tabora, mtaa wa Gongoni, katika nyumba ya udongo aliyoijenga baba. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, lakini dukani bado ulinunua kwa kubembeleza. Kaka yangu alikuwa mtu wa reli, kazi ya njia, kwanza kwenye vituo vya porini, baadaye hapa mjini. Homa ilimchukua masika, homa ya siku chache tu, hata hatukuwahi kupeana zamu za kumlinda. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya talaka, nakaanga vitumbua asubuhi na kuviuza karibu na soko. Nayasema haya mapema mnijue: mdomo wangu ndio ulioniachisha, na mume mwenyewe hakustahili zaidi ya yale niliyomwambia.

Wifi na wifi mnajua wenyewe tunavyokuwa. Miaka yote tulitaniana, na utani wetu ulikuwa na meno. Yeye alisema vitumbua vyangu vinafaa kufukuzia paka darini. Mimi nilisema ameolewa na sindano, kaka yangu ni mpangaji tu. Kwa maana alipenda kufuma, jamani, alipenda kufuma kupita kiasi. Kwao Ujiji alipokuwa msichana alikwenda kwa masista siku za kazi za mikono, baba yake akaruhusu kwa sharti la kurudi kabla ya magharibi, na alichokipata huko hakikumtoka tena. Alifuma akisubiri maharage yaive. Alifuma akisikiliza umbea, na umbea wenyewe hakuuchangia, alihesabu vitanzi vyake kimoyomoyo na midomo ikichezacheza. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli. Kaka yangu alizinoa ncha juu ya jiwe, akazitia vipande vya kizibo nyuma ili vitanzi visiponyoke, na alijigamba kazini kama aliyejenga daraja.

Kila mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu alifumiwa kitu na wifi yangu. Asubuhi za kipupwe Tabora zinauma, na sweta la mtoto mchanga ni kitu cha maana. Alimfumia wa Muislamu, akamfumia wa Mkristo, wa jirani na wa mpita njia. Na alipopata mimba zake mwenyewe aliwaandalia wanawe kama masista walivyomfundisha: kofia, sweta, soksi, vyote tayari vimekunjwa sandukuni kabla mtoto hajaja. Wa kwanza alivaa muda mfupi, akafa. Wa pili alifika kukaa kitako, akaanza kucheka na watu, naye akafa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ati mwenye mimba hafungi fundo, na huyu anafunga mafundo mchana kutwa. Ati sindano mbili zinagongana juu ya tumbo, mtoto ndani anasikia nini? Ati mikono ile haina heri. Maneno hayo yalianzia kisimani, yakapita barazani, yakaingia kwetu bila hodi. Kaka yangu alikuwa akiyafukuza kwa kucheka. Alipokufa hapakuwa na wa kucheka. Usiku wa msiba wifi yangu alizifunga sindano zake kwenye kitambaa, akazisokomeza uvunguni, na toka hapo mikono yake ikawa imelala juu ya mapaja, viganja vikiangalia juu. Sikuwahi kumwona hivyo. Roho iliniuma kuliko kulia kwa mtu.

Mkunga wetu alikuwa bibi wa mtaa wa nyuma, mkavu wa maneno. Alikuja, akampapasa tumbo, akatoka uani akatuambia mimi na mama kwamba mtoto yuko, lakini ni mdogo, amejikunyata. Mwenye mimba akitaka kuendelea hivi, alisema, basi tusimlaumu mtu siku ya siku. Mama akamwuliza dawa. Bibi akasema dawa si mizizi, mtafutieni kitu kitakachomrudisha, maana huyu amekwenda.

Nikakaa nikawaza. Asali ya porini tulimletea. Samli tulimletea. Ndugu zake wa Ujiji walimletea migebuka ya ziwani iliyokaushwa vizuri, akawashukuru, akaiacha ikaliwa na wageni. Nikajiambia, mwanamke huyu tumbo lake halina njaa, yenye njaa ni mikono yake. Mletee uzi. Nikajiona nina akili.

Sasa, kumchagulia mtu zawadi ya kazi aipendayo ni kujitia kujua usichokijua. Mimi sikujua uzi. Kwangu uzi ni uzi. Nilikwenda kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, nikamsumbua mpaka akaingia stoo, akatoka na madonge ya sufu aliyokuwa ameyaficha asijue mwenyewe anamfichia nani. Yalikuwapo ya buluu, ya manjano na meupe. Nikachagua meupe. Wifi yangu yuko eda, amevaa nyeupe, nani atamlaumu kwa uzi mweupe? Nilifikiri atajifumia mtandio wa kujifunika mabegani. Mhindi akaniambia nimechagua vizuri, hii laini, inafaa hata kitoto kichanga. Neno hilo lilipita sikio hili likatokea hili.

Nikaingia nyumbani mchana, wanawake wamejaa chumbani kwake, maana mfiwa haachwi peke yake. Na mimi, kwa kiherehere changu, sikungoja watoke. Nikayaweka madonge mapajani mwake mbele ya watu wote.

Wifi yangu aliyatazama yale madonge, kisha akainua mikono yake juu isiyaguse. Akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, umeniletea sanda."

Mama alinyanyuka, akayachukua kwa ncha za vidole, akanitoa nje. Uani akanishukia. Alisema mtoto hajazaliwa namwita kwa nguo mpya, na wale wawili waliitwa hivyo hivyo, wakaja wakavaa wakaondoka. Nikamjibu kwamba sikutaja mtoto, nilitaja mtandio. Mama akasema hakuna aliyezaa na kuzika ambaye ataona sufu nyeupe laini mapajani mwa mjamzito akafikiri mtandio. Nilitaka kubishana. Nikayachukua madonge mkononi mwake. Niliyarudisha kwa Mhindi, akanipa sukari badala yake, akaniangalia kama mwehu.

Asiye wa kwetu huenda asielewe hasira ya mama. Mjini kwetu, na vijijini vilevile, mwanamke aliyezika watoto haandalii anayekuja. Huyo anayekuja anapokewa kama kitu kisichotakiwa. Akizaliwa hupelekwa jalalani juu ya ungo, jirani anamwokota, anamrudisha mlangoni kama mtoto wa barabarani, na wenyewe wanamnunua kwa kitu duni. Jina anapewa la hovyo. Nguo zake ni kuukuu, za kuombwa kwa akina mama ambao watoto wao wamekua. Hasifiwi. Hasemwi kafanana na nani. Wazee walisema mauti hupita ikitafuta mtoto wa thamani, ikimkuta huyu itadhani ni takataka. Ucheke ukitaka. Sisi tuliokuwa na makaburi madogo nyuma yetu hatukucheka.

Siku hizo nilikuwa nanunua unga wa mchele kwa mwanamke mmoja wa Mtendeni. Nimekwenda asubuhi, kumbe mwanawe yupo uani, amepanda juu ya kinu anaruka chini, anapanda tena anaruka. Amevaa sweta la kijani, viwiko vimetoka nje, chini limefumuka linaning'inia. Nikalitazama shingo. Wifi yangu alikuwa na namna yake ya kumalizia shingo, kijimstari kilichoinuka kama mshono wa mkeka, na kijimstari kile kilikuwepo pale kinaruka na mtoto.

Na mama wa mtoto yule, jamani, alikuwa mmoja wa wale wa kisimani. Mafundo, sindano, mikono isiyo na heri, yote aliyasema, na niliyasikia kwa masikio yangu.

Nikamwuliza nguo ya mtoto kafuma nani. Akasema ni wifi yako, alimletea siku ya arobaini yake. Nikamwuliza mtoto ana afya? Akasema huyu, huyu ataniua mimi kwanza. Basi nikamsogelea nikamwambia, "Mikono iliyomfumia huyu ndiyo hiyo hiyo mnayosema inaua. Mbona wako yuko hai?"

Aliangalia chini, akaangalia unga. Sikumwonea huruma hata chembe. Nikamwambia nimekuja kuomba, naliomba hilo sweta, ni la mtoto aliyekua na kuna mtoto anayekuja kwetu wa kuomba nguo. Neno hilo la kuomba mwanamke yeyote wa kwetu analijua, na halikatai. Akamwita mtoto, akamvua. Mtoto akalia tumbo wazi mpaka barabarani. Nikaondoka na sweta kwapani, na unga nikausahau.

Njiani ndipo wazo lilipokamilika. Wifi yangu alikuwa akihesabu wawili tu waliokufa. Hakuna aliyemhesabia wengine wote. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, Gongoni, Mtendeni, nyuma ya soko, kila mlango niliokumbuka kwamba uliwahi kupokea kitu chake. Niliomba kofia, niliomba soksi iliyopoteza mwenzake. Wengine walitoa haraka kwa aibu, wengine waliniuliza maswali nikawajibu inavyostahili. Mama mmoja alikuwa ameifanya kofia ya mwanawe kishikio cha sufuria, akaitoa na masizi yake. Nikaichukua.

Baadaye nikakumbuka kijiji. Kaka yangu kabla ya kuhamia mjini alikaa na mkewe kituo kimoja cha reli upande wa magharibi, na jirani na hapo palikuwa na familia za wakulima Wakatoliki ambao wifi yangu alizoeana nao. Nilitoka alfajiri, nikaifuata njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji. Babu yangu aliingia Tabora kwa njia hiyo, pembe ya ndovu begani, na hakurudi kwao Manyema. Siku hizo watu wa miguu bado waliipenda kuliko ya gari, kwa kuwa inajua kivuli kiko wapi. Nilifika jua limepanda.

Mwanamke niliyemtafuta nilimkuta shambani anang'oa karanga. Nikamsalimu, nikampa habari ya msiba, akakaa chini juu ya majani akaomboleza kwa Kinyamwezi, kisha akaniuliza hali ya mjane. Nikamweleza ombi langu. Wifi yangu alikuwa amemfumia mtoto wake kofia nyekundu, nilikumbuka kwa sababu kaka yangu aliisifu. Yule mama akajifuta mikono, akaingia ndani, akakaa huko muda. Alipotoka, kofia ilikuwa imekunjwa ndani ya kitambaa safi.

"Mwenyewe hayupo," akasema. "Surua."

Nikamwambia pole. Nikamwambia sikujua, na kofia siwezi kuichukua, nilikuwa natafuta za walio hai. Akanishika mkono na kofia ndani yake. Maneno ya kisimani kwetu hayakuwahi kufika pale. Alisema, "Mpelekee. Mwambie mwanangu hakuivua, mpaka nilipoivua mwenyewe nikimwosha. Nikaifua nikaiweka. Mwambie nashukuru, mtoto wangu alisikia joto."

Akanifungia na karanga. Kofia niliifunga pindoni mwa kanga, mbali na kikapu, isigusane na nguo za wale wengine. Njia yote ya kurudi niligombana nayo. Nimpe? Nisimpe? Mtu hali, mtu amekaa anajiona muuaji, nimpelekee kofia ya maiti? Nilifika mjini sijaamua.

Alasiri ya siku ya pili yake niliwatoa wanawake wote chumbani. Nilisema wifi yangu anataka kupumzika, na aliyesita nilimsaidia kwa maneno. Nikamimina kikapu juu ya mkeka. Ilikuwa lundo la aibu, sisemi uongo: matundu, madoa, masizi, rangi zisizopatana. Nilimwambia nimeomba. Sikuongeza kitu.

Aliangalia muda mrefu. Kisha mkono wake mmoja ukashuka kutoka pajani, ukaokota sweta la kijani, ukapapasa shingo.

"Huyu yuko hai?" akaniuliza.

Nikamwambia yuko hai, anaruka kutoka juu ya kinu, atamvunja mama yake moyo kabla ya kuvunjika mguu. Akaliweka kando. Akachukua soksi. Na huyu? Yuko hai, amepelekwa chuoni, anamtoroka mwalimu. Akachukua kofia ya masizi. Yuko hai, msichana, mkali kama pilipili, ameniuma. Alikwenda hivyo moja moja, na kila moja aliuliza kwa maneno yaleyale, na kila moja nilimpa habari ya mwenyewe, mpaka lundo likahamia upande wa pili wa mkeka. Macho yake yalikuwa makavu. Tangu mazishi yalikuwa makavu.

Halafu akaniuliza, "Kijijini ulifika?"

Ningeweza kusema sikufika. Ningeweza kusema hawakuwepo, wamehama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa. Nikamtazama, nikaona ananisoma, na ikanijia kwamba nikimdanganya juu ya mmoja atadhani nimemdanganya juu ya wote. Nikafungua pindo la kanga, nikampa.

Nikamwambia mtoto alikufa kwa surua. Nikamwambia maneno ya mama yake kama alivyonipa, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba mtoto hakuivua, kwamba alisikia joto, kwamba anashukuru.

Aliikunjua kofia juu ya goti lake, akaingiza ngumi ndani ikajaa kama kichwa cha mtoto.

"Surua," akasema.

"Surua."

"Anashukuru?"

"Ameniambia nikuambie."

Ndipo alipolia. Sijapata kusikia kilio kile kabla wala baada. Alimlilia mume, akawalilia wanawe wote wawili, mmoja mmoja kwa majina yao, akamlilia na huyu wa watu. Mama alikuja mbio kutoka jikoni, nikasimama mlangoni nikamzuia kwa mwili wangu, mama yangu mzazi, nikamwambia mwache. Mama naye akaketi palepale kizingitini akaanza kulia. Nami nililia, sijui kwa nini najifanya sikulia.

Jua likielekea kuzama akaomba uji. Akamaliza bakuli.

Kesho yake alizitoa sindano uvunguni. Kofia nyekundu aliiweka sandukuni peke yake, hakuifumua. Vingine vyote tulivifumua pamoja. Alinifundisha kutafuta mwisho wa uzi, maana ukianzia mahali sipo nguo haifunguki, inajikaza. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja, kila kitanzi kimeacha alama yake. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukauosha maji ya vuguvugu, tukautundika uani na jiwe chini ili ujinyooshe. Palipokatika alipaunga kwa mate na viganja, akisugua mpaka ncha mbili zikashikana. Nilimwuliza kama hauchukii uzi mkongwe namna ile, yeye fundi. Alisema mpya ungemtisha. Kisha akasema vidole vyangu ni vya kukandia vitumbua, nimwachie. Nilifurahi kutukanwa nikakaribia kumbusu.

Akawa anakula. Alifuma na kula, akala na kufuma. Wale wa kisimani hawakupata pa kusemea, kwa kuwa nguo ile ilikuwa ya watoto wao wenyewe, na kuilaani ni kuwalaani hao.

Mtoto alizaliwa jua likiwa kali, kabla ya mvua za kwanza. Mwanamume. Mkunga alimwinua karibu na dirisha ili amwone, na sote tulionyamaza pale tulinyamaza kwa sababu moja. Lilikuwa paji la uso la kaka yangu. Zilikuwa nyusi zake, na sikio lake lililochongoka juu, na namna yake ya kukunja mdomo anapoamshwa. Hakuna mtu aliyetamka. Mama aligeukia ukuta, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Tulifanya yote ya kufanywa. Tulimweka juu ya ungo kando ya jalala. Mwanamke wa Mtendeni, yule yule, ndiye aliyemwokota, mwenyewe aliomba iwe yeye. Akaja naye mlangoni akisema kaokota kitu, nani anakitaka. Mama akamnunua kwa kibaba cha mtama, akinung'unika kwamba ni ghali. Akavishwa sweta la rangi zote, akapewa jina la takataka. Jina hilo nalihifadhi, ana wajukuu sasa.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Akaja mtu mmoja wa reli, mzee kidogo, aliyefanya kazi na kaka yangu miaka mingi porini. Alikuwa zamu mbali wakati wa msiba, ndiyo kwanza anafika. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, mgeni akampa pole. Akaketi. Mtoto akaletwa. Yule mzee akainama kumtazama, na machozi yakamtoka palepale, mwanamume mtu mzima. Akasema, "Yarabi. Huyu ni yeye mwenyewe. Mama, mwanao amerudi."

Wanawake wote wakaganda. Wifi yangu alimvuta mtoto kifuani. Mimi nilifungua mdomo, mama akaniwahi.

"Hapana," mama akasema. "Huyu tumemwokota. Hana baba. Hakufanana na mtu."

Alisema kwa sauti iliyonyooka, akimtazama mgeni usoni, mwanamke aliyeuzaa uso ule na kuuzika. Yule mzee akaelewa, akafuta macho, akasema samahani mama, macho yangu yamezeeka. Mama akamkaribisha chakula. Aliwapakulia wageni wote mpaka wa mwisho, akaosha mikono, akaenda chooni. Alikaa huko sana. Hakuna aliyemfuata.

Mtoto aliishi. Alipita umri wa kaka yake wa kwanza, akapita wa wa pili, akasimama, akaenda. Wifi yangu baada ya kumwachisha ziwa aliolewa tena, humuhumu mjini, na mtu wa kheri, lakini mtoto alikuwa zaidi kwetu. Alikua kwa mama yangu. Mama alimfulia, alimfunza kutawadha, alimchapa alipostahili. Watu walikwisha kusahau habari ya jalala, na meno ya utoto yalikwisha kutoka, lakini mama hakuwahi hata siku moja kusema mtoto kafanana na nani. Wakati mwingine nilimkuta amesimama na upawa mkononi, anamtazama anavyokula, na akiniona anageuka kumgombeza kwamba anamwaga mchuzi.

Mama alikufa miaka michache kabla ya Uhuru. Alikuwa amelala siku nyingi, tumemzunguka, yeye akija na kupotea. Asubuhi moja akasema aitwe mtoto. Alikuwa mkubwa kiasi cha kutumwa dukani, akaja na vumbi lake, akapiga magoti kitandani. Mama akainua mkono akampapasa paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akafika sikioni, akalishika juu pale palipochongoka, kwa vidole viwili. Akamwita kwa jina la kaka yangu.

Wanawake waliokuwepo waliangaliana. Mmoja akasema taratibu kwamba bibi anaweweseka, tumsomee. Hakuwa anaweweseka. Akamwita tena, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aliyeko uani.

Mtoto alinigeukia mimi. Nikamwambia, "Itika."

Akaitika.